Kuijua Dar kabla hujapanda basi: mwongozo kwa anayetoka Moshi au Arusha

Moshi ni vigumu kupotea. Ukichanganyikiwa unatafuta mlima. Kibo uko kaskazini, na hata siku umejifunika mawingu ardhi yenyewe inakuambia: ukipanda unaelekea mlimani, ukishuka unaelekea mashamba ya miwa ya TPC. Arusha nako Meru inafanya kazi hiyohiyo. Dar es Salaam haina kitu cha namna hiyo. Bahari ipo, lakini huioni mpaka uifikie. Ni mkoa wa watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, zaidi ya mara mbili ya mkoa mzima wa Arusha, waliobanana kwenye kilomita za mraba zipatazo 1,400.

Kwa hiyo anayezoea kujielekeza kwa mlima inabidi ajifunze kujielekeza kwa barabara, na somo hilo linawezekana ukiwa nyumbani. Linahitaji jioni tatu au nne, daftari, kalamu na simu yenye nafasi kidogo. Usijaribu kuimeza Dar nzima. Aliyezaliwa Mbagala haijui Bunju, na anaishi vizuri tu. Jifunze mifupa ya mji, kisha mstari wako mmoja, yaani kutoka utakaposhuka hadi penye shughuli yako, uujue kama njia ya kwenu.

Jioni ya kwanza: pata anwani inayotembea

Kwa kila sehemu utakayokwenda andika mambo matano: jina kamili la mahali, mtaa na kata, barabara kuu iliyo karibu, kituo cha kushukia, na kitu kinachoonekana kwa macho kama msikiti, shule au kituo cha mafuta. Muhimu kuliko yote ni kituo. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi ina vibao na nyumba zina namba, nawe ukiipata namba iandike. Lakini konda haijui namba ya nyumba. Anajua kituo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu majina ya Dar yanafanana. Mbezi Luis, penye stendi ya mabasi, iko Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo, na kati ya hizo mbili kuna Goba nzima. Kimara kuna Mwisho, Korogwe, Baruti, Temboni na Stop Over. Tabata kuna Relini, Bima, Kimanga na Segerea. Sinza kuna Mori, Kijiweni, Makaburini na Palestina. Mtu akikuambia "niko Sinza" hajakuambia kitu bado.

Jina linaloumiza zaidi ni Muhimbili, maana anayelikosea mara nyingi ni mgonjwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina sehemu mbili. Moja iko Upanga, karibu na mjini, na ndani ya eneo hilo ndimo zilimo taasisi ya mifupa ya MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete. Nyingine ni Mloganzila, inayoingilia upande wa Kibamba kwenye Barabara ya Morogoro. Ukitokea Chalinze unaipita njia ya Mloganzila kabla hujafika stendi ya Mbezi. Mwenye rufaa kutoka KCMC, hospitali kubwa ya Moshi, aisome barua vizuri, na pasipoeleweka apige simu kliniki iliyoandika rufaa kabla ya kukata tiketi. Kukosea hapa ni kuvuka karibu mji mzima na mgonjwa, kisha kurudi ulikotoka. Saratani nayo ina mahali pake, Ocean Road, ufukweni, nje ya eneo la Muhimbili.

Kama unafikia kwa ndugu, mpigie mapema na umuulize mpaka mwisho:

"Shikamoo shangazi. Kwenu nashukia kituo gani?"

"Marahaba mwanangu. Sisi tuko Tabata."

"Tabata ipi, shangazi? Na nikishuka, navuka barabara au nabaki upande uleule?"

Swali hilo la kuvuka ni dogo, lakini linaokoa nusu saa. Barabara kuu za Dar ni pana na baadhi zina uzio katikati, na ukishikilia upande usio wako unaweza kutembea sana bila kupata pa kurudia. Mwombe pia akutumie mahali alipo kwa WhatsApp akiwa nyumbani kwake kabisa. Akituma akiwa kazini, utafika kazini kwake.

Jioni ya pili: chora mji kwa mkono

Ramani ya simu inakuonyesha ulipo, ila haikufundishi mji. Mkono unafundisha. Laza karatasi kwa upana. Ukingo wa kulia andika BAHARI kutoka juu hadi chini. Karibu na bahari, katikati, weka nukta uandike Posta. Hapo na jirani zake, Kivukoni na Kisutu, ndipo wenyeji wanapopaita mjini. Kutoka nukta hiyo chora mistari minne inayofunguka kama vidole:

- Kwenda juu, kaskazini: Ali Hassan Mwinyi, ambayo mbele inakuwa Barabara ya Bagamoyo. Morocco, Makumbusho, Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Bunju.
- Kwenda kushoto, magharibi: Barabara ya Morogoro. Faya, Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi, Kibamba, Kibaha.
- Kushoto kuelekea chini: Barabara ya Nyerere. Tazara, uwanja wa ndege, Gongo la Mboto. Wazee bado wanaiita Pugu Road.
- Kwenda chini, kusini: Barabara ya Kilwa. Uhasibu, Mtoni, Mbagala.

Sasa vikate vidole hivyo kwa mistari miwili. Wa nje unaanza Mwenge kwa jina la Sam Nujoma, unafika Ubungo, hapo unabadili jina kuwa Mandela, unapita Buguruni na Tazara, na kuikuta Kilwa pale Uhasibu. Wa ndani ni Kawawa, kutoka Morocco kupitia Magomeni hadi Ilala na kuendelea mpaka Nyerere. Chini kulia, ng'ambo ya maji, andika Kigamboni. Kunafikiwa kwa kivuko kutoka Feri au kwa daraja lililofunguliwa 2016, ambalo magari hulilipia.

Mistari sita, basi. Ichane karatasi uchore tena bila kutazama, mpaka mkono uzoee. Halafu jiulize maswali. Niko Buguruni nataka Mwenge, napita wapi? Mandela mpaka Ubungo, kisha Sam Nujoma. Hakuna haja ya kugusa mjini. Niko Mbagala naenda Magomeni? Kilwa hadi Uhasibu, Mandela hadi Ubungo, kisha kurudi kwa Morogoro, au kupitia mjini moja kwa moja, kutegemea saa. Ukianza kuona kuwa majibu ni mawili, umeanza kuijua Dar.

Hapo ndipo simu inapoingia. Pakua ramani ya kutumia bila bando, ichukue kuanzia Kibaha hadi Kigamboni na kuanzia Bunju hadi Mbagala. Programu zinazotumia ramani huria za OpenStreetMap, kama Organic Maps au OsmAnd, zinafaa sana Dar, kwa sababu tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata zenye mafuriko mpaka vichochoro na mitaro. Kwa uswahilini utapata njia za miguu kwa undani usioutegemea. Bandika alama kwenye kila kituo ulichoandika, na uipe jina lako mwenyewe: "kwa shangazi, usivuke". Piga picha ya karatasi yako pia. Simu ikizima, karatasi iko mfukoni.

Unashukia wapi hasa

Kutoka Moshi ni kama kilomita 560, Arusha kama 640. Basi linafuata Mwanga, Same, Mombo, Korogwe, Segera, na baada ya hapo njia ni mbili. Moja inakwenda Chalinze, Mlandizi, Kibaha na kuingia Dar kwa Barabara ya Morogoro. Nyingine inakata Msata na kupitia Bagamoyo, hivyo inaingia kwa Bunju na Tegeta. Ukikata tiketi muulize wakala maswali mawili: mnapita Chalinze au Bagamoyo, na mwisho wa gari ni wapi? Mwenye kwenda Tegeta au Mbezi Beach akipanda la Bagamoyo anashuka karibu na kwao. Akipanda la Chalinze anashushwa Mbezi Luis, inabidi atafute gari lingine.

Stendi kuu ni ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyoanza 2021. Wanaokumbuka Dar ya zamani bado watakuambia "utashuka Ubungo". Sivyo tena, ingawa yapo mabasi yanayoendelea mpaka ofisi zao mbele ya Mbezi. Ukiwa na ofisi ya namna hiyo karibu na unakokwenda, baki garini.

Chagua basi kwa saa ya kufika. Safari ni saa tisa hadi kumi na mbili. La saa kumi na mbili asubuhi linakufikisha alasiri au jioni, na la mchana litakufikisha usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo unaweza kuondoka jioni na kuingia alfajiri. Ni njia nzuri kwa mwenye shughuli ya siku moja, ila ujue utaingia mjini pamoja na foleni ya wanaokwenda kazini. Kwa anayefika mara ya kwanza tunashauri basi la asubuhi la mapema kabisa, ukafika jua lingalipo.

Daladala, mwendokasi na jinsi ya kuvisoma

Ukizoea vifodi vya Arusha au Hiace za Moshi, daladala ya Dar utaielewa. Tofauti ni wingi wa njia. Mwanzo na mwisho wa njia vimeandikwa mbele ya gari, rangi ya mstari ubavuni nayo inaonyesha njia, na mara nyingi pameandikwa inakopitia. Soma hilo la kupitia. Gari mbili za kwenda sehemu moja zinaweza kupita barabara tofauti, na kituo chako kiko kwenye moja tu. Vifupisho ni vichache: G/Mboto ni Gongo la Mboto, K/Koo ni Kariakoo, M/Nyamala ni Mwananyamala.

Kabla ya kupanda mwambie konda kituo, si mtaa: "Unapita Shekilango?" Ukikaa, mwambie na jirani yako unaposhuka. Konda anaweza kusahau, abiria wa Dar hasahau. Atakuambia "jiandae, kinachofuata". Kumbuka kuwa konda huuliza "kuna mtu wa hapo?" na ukikaa kimya gari haisimami.

Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, ulianza Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro, ukiwa na njia yake pekee katikati ya barabara. Shina linatoka Kimara Mwisho hadi Kivukoni, lenye tawi la Morocco linaloachana nalo Magomeni, na tawi la Gerezani linalokata Faya kuingia Kariakoo. Angalia kibao cha basi: Kivukoni, Gerezani na Morocco zote zinapita mlango uleule wa Kimara. Na zipo zinazosimama kila kituo na zinazoruka vituo. Ukipanda ya kuruka bila kuuliza, unakiona kituo chako kwa dirishani.

Nauli za daladala na mabasi ya mikoani hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Itafute orodha yao kabla ya kuondoka, uandike ya basi lako na ya mstari wako. Mwenye kuijua nauli anatoa hela kamili bila kuuliza, na hilo tu linamwambia konda kuwa huyu si wa kuchezewa.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua mtu mwenye miadi MOI saa mbili asubuhi, anayetoka Moshi. Anaondoka siku moja kabla, wala si usiku wa kuamkia miadi, kwa sababu ajali moja ya lori njiani inatosha kuharibu yote. Anashuka Mbezi Luis. Hafuati mtu aliyemshika begi; anatoka hadi yanapopakia magari ya abiria na kuchukua la Kimara. Kimara Mwisho anakata tiketi ya mwendokasi wa Kivukoni au Gerezani, maana zote mbili zinafika Faya. Njiani anahesabu majina aliyoyaandika: Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni Mapipa, Jangwani. Baada ya Jangwani anasimama mlangoni, kinachofuata ni Faya. Kutoka hapo hadi Muhimbili ni mwendo mfupi kwa Barabara ya Umoja wa Mataifa, na kama ana mguu mbaya anachukua bajaji, wakipatana bei kabla ya kukaa.

Safari hiyo yote ameitembea kwa kidole kwenye karatasi akiwa kwao Moshi, Pasua au Kiboriloni. Na amelala upande wa Upanga, Kariakoo au Magomeni, si kwa binamu aliyeko Bunju, hata kama Bunju ni bure. Hii ndiyo kanuni ya malazi tunayoisisitiza kuliko zote: lala kwenye kidole kilekile penye shughuli yako, na ikiwezekana upande wa ndani, karibu na mjini. Gesti ya bei nafuu iliyo kidole kingine utailipia tena kwa nauli, jasho na miadi iliyokupita. Ndugu atakuelewa ukimwambia mapema kwamba utamtembelea ukishamaliza. Gesti watakuuliza kitambulisho, kwa hiyo cha NIDA au cha mpiga kura kiwe karibu.

Foleni, mvua na joto

Mji unavuta pumzi asubuhi na kuitoa jioni. Kuanzia kama saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi magari yanaelekea mjini. Kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku yanarudi nje. Panga shughuli kinyume chake unapoweza. Miadi ya saa tano unaiendea kwa utulivu; ya saa mbili inataka uwe njiani alfajiri. Kilomita kumi na tano zinaweza kuwa dakika arobaini au saa mbili, na ramani ya simu ukiitazama saa nane mchana itakupa jibu la saa nane mchana. Itazame siku ya kazi kama hiyo, saa ileile utakayosafiri, wiki moja kabla.

Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mvua kubwa ikinyesha, Bonde la Msimbazi hujaa pale Jangwani, na barabara ya Morogoro hufungwa, mwendokasi ukiwemo. Angalia utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kabla ya safari, na uwe na njia ya pili kwenye daftari: kutoka Ubungo ama Sam Nujoma kwenda Mwenge na kuingia kwa Ali Hassan Mwinyi, ama Mandela hadi Tazara na kuingia kwa Nyerere. Mlundikano utakuwepo, lakini utafika.

Joto la Desemba hadi Machi ni zito kwa mtu wa Arusha. Unyevu ndio unaochosha. Ukishafika, koti la baridi libaki ndani ya begi; chukua nguo za pamba na chupa ya maji. Na usingizi wako uwe ndani ya chandarua, kwa sababu mwili uliozoea nyanda za baridi zenye malaria kidogo huumwa haraka.

Kama shughuli ni Kariakoo

Kariakoo ina mpangilio wake. Mitaa imekatana kama nyavu na kila eneo lina bidhaa zake: simu upande wa Aggrey, nguo na viatu mtaa wa Congo, vipuri na vyuma Gerezani, mitumba Karume. Mwenye ndizi za kutoka Machame au Rombo hana haja ya kuja huku, soko lake ni Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Siku ya kwanza zunguka bila kununua, uandike bei za maduka matatu kwa kila bidhaa. Siku ya pili nunua. Dai risiti ya mashine kwa kila mzigo, yenye kiasi kamili ulicholipa. Sheria inamtoza faini na mnunuzi asiyekuwa nayo, na mzigo unaweza kusimamishwa njiani kabla haujaiona Same. Namba ya simu ya wakala wa kusafirisha ipate Arusha au Moshi kwa mfanyabiashara unayemfahamu, kabla hujaondoka.

Hela ziwe sehemu mbili, kidogo mfukoni kwa nauli na chakula, nyingine kwenye simu au benki. Simu usiishike karibu na dirisha la daladala kwenye foleni, wala ukingoni mwa barabara: bodaboda hunyakua na kupotea. Ukihitaji kuangalia ramani, ingia dukani kwanza. Wa kuulizwa njia ni mama lishe, fundi viatu, mwenye duka la dawa, watu ambao kesho watakuwepo palepale. Anayekufuata yeye mwenyewe akitaka kukuelekeza, mshukuru uendelee kutembea. Dalali wa chumba anayetaka utume hela ya kushikilia nyumba usiyoiona, usimtumie hata kama picha ni nzuri.

Jioni ya mwisho

Kaa na mtu wa nyumbani, mpe daftari akusaili. Nashuka wapi? Napanda gari gani, limeandikwaje? Vituo vitatu kabla ya changu ni vipi? Nikishuka navuka? Jangwani kukifungwa napita wapi? Nikifika usiku nampigia nani? Ukijibu yote bila kufungua simu, andika namba mbili za ndugu, pamoja na 112 ya polisi, kwenye karatasi ileile uliyochorea mistari sita, uikunje uiweke mfuko wa shati. Pawabenki ya simu ichajiwe usiku huo, na tiketi iwe juu ya begi, kwa sababu saa kumi na mbili kasoro stendini hakuna nafasi ya kupekua.